Mwaka Bibi Alipofundisha Watu Kulia

Nimerudi Kalemie kwa likizo, na sikwenda kwanza ziwani kama watu wote wanavyofanya wakirudi. Ziwa nililiona kwa mbali tu. Limepanda, limemeza kile kipande cha mchanga tulichokuwa tukianikia ndagala, wale dagaa wetu, nikasema haya, tutaonana. Miguu ilinipeleka kwenye ukumbi wa parokia, kwa sababu shangazi yangu alikuwa ameniambia kwenye simu, kama mtu anayetaja habari ndogo, kwamba ile atelie ya teatre, warsha yetu ya maigizo ya zamani, imeanza tena na watu wanafundishana kila Jumamosi. Alisema hivyo halafu akaendelea na habari za harusi ya binti wa jirani yake. Harusi yenyewe sikuisikia hata kidogo.

Wewe unayesoma huenda hukuwa kwetu wakati ule, basi nitakueleza taratibu. Nilikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Tulikuwa wadeplase, ndivyo tulivyoitwa watu tuliokimbia vita vijijini na kuja kujibanza mjini. Sisi tulitoka upande wa Nyunzu, mimi na bibi yangu mzaa baba, tukapata nyumba ya udongo yenye paa la shiti, yaani turubai, kwenye kilima nyuma ya kituo cha treni. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo mno hata sura yake siijui. Baba yangu alikufa ndani ya nyumba yetu kijijini, mchana kweupe, walipokuja watu kuichoma. Siku hiyo mimi nilikuwa kwa shangazi, Nyunzu mjini. Bibi alikuwepo. Alichokiona hakunisimulia, na kila nilipokaribia kuuliza alinituma maji.

Usidhani lakini kwamba tulikaa tukinuna. Mtoto hawezi kununa mwaka mzima, ana mambo mengine. Kilima kile kilikuwa na kelele zake nilizozipenda: akina mama wakitwanga sombe, yale majani ya muhogo, jioni, treni ikipiga honi siku ilipoamua kuja, na juu ya yote nyundo ya jirani yetu. Huyu alikuwa fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa yanayogongwa kwa bati. Alikuwa mdeplase kama sisi, aliishi peke yake, na maneno yake yalikuwa machache kiasi kwamba watu walimdhania ana maringo. Mimi nilijua hana maringo. Nikipita kwenda bombani alikuwa akigonga bati lake kwa mdundo wa hatua zangu, nikiharakisha naye anaharakisha, nikisimama anasimama, na uso wake haubadiliki kabisa. Nilikuwa nacheka mpaka ndoo inamwagika, kisha bibi ananigombeza mimi, si yeye.

Atelie ililetwa na mtu tuliyemwita mwalimu wa teatre. Alikuwa mwembamba, ana sauti kubwa kuliko mwili wake, na alikuwa amecheza maigizo Lubumbashi kabla ya kurudi kwao. Aliona kwamba mjini kuna wasanii wengi wasio na kazi na wadeplase wengi wasio na la kufanya, akawaita wote kwenye ukumbi wa parokia. Hakuwaita kuja kutazama. Kila mtu alitakiwa kuja na kitu anachokijua, akifundishe wenzake, na kuondoka na kitu cha mwingine. Mvuvi mmoja alifundisha wimbo wa kuvuta wavu, namna pumzi za watu wengi zinavyokuwa moja. Mama mmoja muuza samaki alifundisha wachekeshaji kutembea na beseni kichwani huku wakigombana. Sisi watoto tulikaa sakafuni mbele, tukinywa uji uliopikwa nyuma ya ukumbi, na hakuna aliyetufukuza.

Palikuwa na sharti moja. Kila Jumamosi kabla ya kuanza, mwalimu alilisema kwa sauti ile yake: "Hapa tunapokea kazi ya muntu. Hatumuulize aliitolea wapi." Nami nilielewa hata nikiwa mtoto. Ndani ya ukumbi ule walikaa watu wa pande zote za vita. Ukianza kumuuliza mtu ngoma hii ulijifunza kijiji gani, dakika mbili tu mnafika kwenye mambo yasiyosemeka. Kwa hiyo tulipokea ngoma, tukapokea nyimbo, na vijiji tukaviacha nje pamoja na viatu. Lilikuwa sharti zuri. Mpaka leo ninalichukia, lakini lilikuwa zuri.

Bibi aliingia kwa sababu ya sauti. Mwalimu alimsikia akiongoza kilio kwenye msiba pale kilimani, akamfuata nyumbani kumwomba afundishe. Bibi alicheka, na kicheko chake kilikuwa adimu siku hizo.

"Mimi nifundishe watu kulia?" alisema. "Kwani batu ba hapa hawajalia ya kutosha?"

"Wamelia, Mama," mwalimu alijibu. "Lakini wasanii wangu wakilia, watu wanacheka."

Ilikuwa kweli. Nilikuwepo siku ya kwanza bibi alipowapanga wale vijana wa maigizo, wenye nguo zao za kubana, akawaambia walie. Walikunja nyuso, wakatoa sauti kama za mbuzi, na sisi watoto tukaanguka sakafuni kwa kucheka. Bibi hakucheka. Alimpiga mmoja wao tumboni kwa kiganja. "Usilie na mudomo," alimwambia. "Muita kwanza. Unamuita muntu kama vile iko kwenye shamba ya pili, anachelewa kula. Asipoitika, pale njo unalia." Aliwaonyesha. Alishika kichwa, akaita kwa sauti ya chini jina ambalo halikuwa la mtu yeyote tunayemjua, akangoja, akaita tena, kisha kile kilio kikapanda. Hata wapishi wa uji waliingia kutazama. Nilijisikia fahari mpaka masikio yakawaka moto, kwa sababu yule alikuwa bibi yangu mimi.

Kuanzia hapo bibi akawa mtu mwingine. Alianza kujipaka mafuta siku za Jumamosi. Alianza kupika bukari, ugali wetu, nyingi kuliko tunayoweza kumaliza, apate sababu ya kuniambia nimpelekee jirani sahani. Na sahani ilirudi siku zote imeoshwa, safi, na juu yake kitu kidogo cha bati: kijiko, kifuniko cha kikombe, siku moja hata kaa wa kuchezea mwenye miguu inayocheza. Bibi ndiye aliyemshauri aje ukumbini. "Papa, ile nyundo yako ina kichwa, inafikiri," alimwambia. Yeye akainamisha macho kama mvulana.

Alikuja na gunia. Alikaa nyuma ya kitenge kilichotundikwa, tusimwone, akatuletea mvua: maharage makavu kwenye ungo. Akatupa radi kwa bati. Akatupa treni ya Nyunzu ikipanda mlima, na hiyo alifanya kwa ndala mbili na mdomo wake mwenyewe, na ukumbi mzima ukasimama kucheza. Watu walimbeba. Nadhani ilikuwa siku ya furaha kuliko zote kwenye utoto wangu wa Kalemie, na ninaitaja mapema ili usifikiri kwamba nakumbuka mabaya tu.

Mwalimu alikuwa akitunga mchezo wa familia mbili na shamba moja. Ndani yake kuna nyumba inachomwa, na hatukuweza kuchoma kitu ukumbini, basi alimwomba fundi alete moto wa sauti. Fundi alikunjakunja gunia lake. Kisha akasema, "Nitajaribu, Papa." Jumamosi iliyofuata alirudi na majani makavu, mifuko ya mikate, na kifuniko cha sufuria alichokifunga kwa kitambaa. Alijificha nyuma ya kitenge kama kawaida.

Ilianza kidogo. Kitu kilikuwa kinadondoka juu ya kitambaa, tap, halafu kimya, halafu tap tap, kama mtu anakaanga mahindi nyumba ya pili. Kisha majani yakaanza kunong'ona, yakashika, yakanguruma. Sikuwahi kuona nyumba ikiungua na nilihisi joto usoni. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alimbeba mwanawe akatoka nje. Bibi alikuwa amesimama kwenye dirisha ameshika nondo, ametugeuzia mgongo. Mwalimu alikohoa, akasema tuendelee na wimbo wa wavu. Na kwa kuwa sharti lilikuwa sharti, hakuna mtu aliyemuuliza fundi chochote.

Waliuliza nje, lakini hawakumuuliza yeye. Waliulizana. Bombani nilisikia mama mmoja akisema: "Sauti ile ya moto, muntu anaijua namna gani hivi, kama hakusimama pale akaiangalia mpaka mwisho?" Mwingine akajibu, "Mwenye nyumba anakimbia. Mwenye kuchoma njo anabaki kusikiliza." Lilikuwa neno lenye akili, rafiki yangu, na hiyo ndiyo taabu yake. Lilishuka kilima haraka kuliko maji. Shuleni mtoto mwenzangu aliniambia kwamba ninakula na mwuaji. Nilimpiga, naye akanipiga, na nilipofika nyumbani na mdomo uliovimba bibi aliniuliza kisa. Nilimweleza. Aliniosha, akasema maneno ya bombani yaachwe bombani. Sahani ya jirani aliipeleka mwenyewe siku ile.

Watu waliacha kumletea fundi majiko yao. Nyundo ilipungua, ikawa ya asubuhi tu, kisha siku nyingine haikulia kabisa. Nilipopita kwenda bombani aligonga bati kwa hatua zangu kama zamani, lakini taratibu, akitazama kwanza kama kuna mtu mzima karibu. Nilimsikia akimwomba mwalimu amwondoe kwenye mchezo. Mwalimu alikataa. Alisema moto ule ndio moyo wa mchezo, na kwamba watu wakimwona akiufanya kwa mikono yake, na majani yake na mifuko yake, wataelewa kwamba ni usanii tu. Alisema kwa nia njema. Akaamua kwamba siku ya maonyesho kitenge kisiwepo.

Tulicheza kwenye uwanja karibu na kituo. Watu walijaa, wengine juu ya mabehewa yaliyokufa. Michezo yetu ilikuwa na utaratibu wake: penye ubaya kuliko kote, mtazamaji yeyote anaruhusiwa kupaza sauti "Simama!", wachezaji wanaganda, na aliyepaza sauti anaingia kati, anachukua nafasi ya mmoja wao na kuonyesha yeye angefanya nini. Ndiyo sababu mwalimu aliupenda utaratibu ule. Alisema unawafanya watu waliotendewa wapate kutenda.

Fundi alikaa pembeni, wazi kabisa, na vitu vyake mapajani. Alianza zile tap za kwanza, uwanja ukanyamaza. Majani yalipoanza kunguruma, baba mmoja muuza chumvi alinyanyuka.

"Simama!"

Wachezaji wakaganda. Yule baba aliingia kati, lakini hakuchukua nafasi ya mtu. Alinyoosha kidole. "Muko munaona?" aliuliza watu. "Huyu muntu hachezi. Huyu anakumbuka!"

Fundi alishika kile kifuniko chake na kutazama chini. Watu walianza kunung'unika, na hapo ndipo nilipomwona bibi akiinuka kutoka kwenye mkeka wetu. Watu walimpisha, kwa maana wote walijua habari ya mwanawe. Nilifurahi. Nilijua anaenda kusimama upande wake. Alifika mpaka mbele ya fundi, akamtazama, akafungua mdomo.

Hakuna neno lililotoka. Alishika kichwa kwa mikono miwili na kuita jina la baba yangu. Akangoja. Akaita tena. Kisha alilia, na haikuwa kazi ya atelie, kilikuwa kilio chenyewe.

Kwetu, mfiwa akisimama mbele ya mtu na kulia jina la maiti, amemtaja kuwa ndiye mwuaji. Hakuna mahakama inayosikilizwa upesi hivyo. "Njo huyu!" mtu alipiga kelele, yaani ndiye huyu, na uwanja ukageuka. Mwalimu na wavuvi walimzunguka fundi wakamwingiza ndani ya kituo, wakafunga mlango. Wengine walipanda kilimani. Tuliporudi tulikuta shiti ya nyumba yake imechanwa na majiko yamekanyagwa yote, hata madogo. Asubuhi yake alipanda boti. Wengine walisema ya Moba, wengine ya Uvira, wengine ya Kigoma. Hakuaga mtu.

Jioni ile sauti ya bibi ilikuwa imekwisha, akawa anazungumza kwa pumzi tu. Kwa mara ya kwanza alinieleza. Mbegu za mahindi, alisema, watu wa kwetu wanazitundika darini juu ya mafiga, moshi uzilinde na wadudu. Nyumba ikishika moto, mbegu zinapasuka kwanza. Aliye nje hawezi kuzisikia, kwa sababu nje kuna mngurumo na kelele za watu. Anayezisikia ni yule aliye ndani, na mlango umezibwa.

"Ule muntu alikuwa mu nyumba," alisema. "Kama mimi. Kama baba yako. Nilijua toka ile siku ya kwanza. Nilitaka kuwaambia leo. Lakini nilisikia zile mbegu, mutoto wangu, na muntu wangu akanijia."

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, tangu ile siku ya dirishani. Alisema sharti lilikuwa kutokuuliza, na kwamba kumsemea fundi kungemlazimu kujisemea mwenyewe, namna alivyotoka yeye kwa ukuta wa nyuma na mwanawe akabaki. Hilo hakuwa na nguvu ya kulisema bombani. Nilimhurumia na nilimkasirikia, vyote viwili, na sijui mpaka leo kipi kilikuwa kikubwa.

Sauti iliporudi alifanya alichopaswa kufanya. Alipita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa pamoja naye, nimeshika kitenge chake. Alisimama mbele ya kila mlango akaeleza mbegu, dari, mlango uliozibwa, mambo aliyoapa hatayasema. Na unajua walimjibu nini? Walimshika mikono. Walitokwa na machozi. "Mama, una roho ya ajabu," walisema. "Kumusamehe muntu kama ule!" Kila alivyokataa, ndivyo walivyomsifu zaidi kwa unyenyekevu wake. Hata kanisani alitajwa, kwenye mahubiri, kama mfano wa mama mkristo aliyemsamehe mwuaji wa mwanawe. Bibi alinyanyuka katikati ya mahubiri akatoka nje. Watu walisema amezidiwa na sifa.

Hakuongoza kilio tena kwenye msiba wowote. Atelie ilisambaratika. Kwa miaka iliyobaki alikuwa akishuka bandarini boti zinapofika, kuuliza wasafiri kama wamekutana na fundi wa mbabula asiyesema sana. Watu walidhani anamtafuta ampe msamaha. Alifariki nikiwa Lubumbashi, na niliposikia, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba sasa hakuna wa kuwauliza wasafiri.

Basi ndiyo hayo yaliyonipeleka ukumbini. Mabati yamebadilishwa, dirisha lile lina kioo. Walikuwepo vijana wengi, wazuri, wana bidii, na mwalimu wa teatre katikati yao, nywele nyeupe, sauti ile ile. Walikuwa wakijaribu mchezo wenye nyumba inayoungua. Palipofika moto, msichana mmoja alibonyeza simu na moto ukawaka kwenye spika, moto mnene wa mbali, wa kuni za nchi nisiyoijua. Watoto waliokaa mbele waliendelea kutafuna mandazi yao. Wote wakapiga makofi. Niliona uchungu, na niliona ahueni pia, kwa sababu moto ule haukuwa wa mtu na hakuna atakayechaniwa nyumba kwa ajili yake. Lakini wimbo wa wavu hawaujui. Treni ya ndala hawaijui. Kulia walilia kwa midomo.

Mwalimu alinitambua. Alinikumbatia, tukakaa kwenye benchi, tukaulizana ya nyumbani. Nilimuuliza kama aliwahi kupata habari za yule fundi. Alitikisa kichwa.

"Hata moja," alisema. "Lakini ninawafundisha hawa vijana habari ya bibi yako kila mwaka. Namna alivyomusamehe."

Yeye, mwalimu, aliyemfungia fundi mlango wa kituo ili asiuawe. Hata yeye. Basi nilimgeukia nikamweleza yote, polepole, kama ninavyokueleza wewe: mbegu darini, mngurumo wa nje, mlango uliozibwa, ukuta wa nyuma. Nilimwambia hapakuwa na kosa, kwa hiyo hapakuwa na msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, macho yamemjaa machozi, kisha akaniwekea mkono begani.

"Na weye pia umemusamehe," alisema. "Bibi yako angefurahi."